Kofia Mbili na Deni la Uzi

Kwa miaka sita ambayo nimekuwa katibu wa kamati ya msikiti wetu hapa Ras Kisimani, kisiwani Mafia, ipo kazi moja niliyoifanya mara nyingi kiasi cha kuizoea. Ni kusimama mbele ya jeneza kabla ya swala na kutoa tangazo ambalo kila Muislamu analifahamu. Huwaambia watu kwamba marehemu alikuwa mwanadamu, aliishi na watu, akakopa na kukopesha. Basi anayemdai ajitokeze, na anayedaiwa naye ajitokeze vilevile, ili mja huyu aende kwa Mola wake akiwa mwepesi. Kisha hunyamaza kidogo, imamu husogea mbele, nasi huswali. Mara nyingi hakuna anayesema neno.

Mwaka jana, mvua za masika zilipokuwa zinakatika, tulimswalia mama mmoja mjane ambaye kijiji kizima tulimwita Bibi. Nilipomaliza tangazo langu, mwenye duka alinyanyua mkono kutoka safu ya tatu.

"Namdai shilingi 14,000," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya. "Za uzi."

Mwanawe wa kiume, ambaye ni mvuvi, alijibu pale pale: "Deni hilo ni langu. Nitalilipa leo kabla ya magharibi, inshaallah."

Watu wakasema alhamdulillah, imamu akasogea mbele, tukaswali. Nami nilikunja mikono kifuani nikiwa najua jambo ambalo hakuna mwingine katika safu yangu aliyelijua. Uzi ule haukuwa wa Bibi. Ulikuwa wa msikiti. Mimi ndiye niliyemwambia akaukope, mimi ndiye niliyemuahidi kwamba kamati itaurudishia, na mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika, sikuandika popote.

Ili msomaji aelewe uzito wa shilingi 14,000 za uzi, sina budi kueleza namna kofia inavyoshonwa.

Kofia ya mkono huanza na kitambaa cheupe, bafta au kinachofanana nacho, kinachokatwa vipande viwili: duara la juu, na ukanda mrefu unaozunguka kichwa. Kila kipande huwekwa tabaka mbili. Nakshi huchorwa kwa kalamu ya risasi, kisha mshonaji hupitisha mishono midogo sana kati ya tabaka hizo hadi kitambaa kisimame na kuwa kigumu. Katika kofia ya viua hutobolewa vitundu vidogo mno, na ukingo wa kila kitundu huzungushiwa uzi ili usichanike. Vitundu hivyo ni pambo, lakini pia hupitisha hewa, na kila aliyevaa kofia adhuhuri ya mwezi wa Januari anajua thamani yake. Mwisho duara huunganishwa na ukanda, kofia hufuliwa, hutiwa wanga na kuvishwa kibao cha mviringo hadi ikauke.

Bibi alikuwa akimaliza kofia moja kwa mwezi mmoja na nusu, na wakati mwingine miwili. Hakuwa akiketi kutwa nzima kushona. Alishona baada ya kurudi shambani, baada ya kukuna nazi, baada ya maji yanapojaa na hakuna pweza wa kutafuta. Alikaa kwenye mkeka barazani, uso ameuelekeza penye mwanga, sindano ikiingia na kutoka. Kofia iliyokuwa kichwani mwangu siku ya mazishi yake aliishona yeye, miaka tisa iliyopita, kwa ajili ya harusi yangu. Hiyo nilimlipa kwa wakati, kwa sababu ilikuwa yangu.

Kazi hii ina nasaba ndefu katika pwani yetu. Ibn Battuta, aliyepita huku mwaka 1331, ameeleza kuhusu nguo zilizofumwa Mogadishu na kupelekwa hadi Misri. Katika magofu ya Kilwa, jirani zetu wa kusini, wachimbuaji wamekuta vigae vya mviringo vilivyotobolewa katikati, ambavyo vilitumika kusokotea uzi wa pamba. Mji wa Pate, katika visiwa vya Lamu, ulisifika kwa wafumaji wake wa hariri. Baadaye vitambaa vya viwandani, merikani na bafta, vilipoijaza pwani, ufumaji ulififia, lakini sindano ilibaki. Ilibaki zaidi mikononi mwa wanawake, ambao kuanzia Barawa na Lamu hadi Unguja na Ngazija wamekuwa wakidarizi kofia ambazo wao wenyewe hawazivai. Mama humshonea mwanawe, mke humshonea mumewe, na mjane huwashonea watu ili apate chumvi na mafuta ya taa. Wanaume tunazivaa, tunaingia nazo msikitini, na pale safuni zinapendeza kama maua ya mlangilangi. Kofia si sharti la swala, lakini imekuwa heshima yetu.

Sasa nirejee kwenye deni.

Miaka mitatu iliyopita paa la msikiti wetu lilikuwa limeoza. Kamati iliamua kufanya harambee, na mmoja wetu akatoa wazo zuri: kina mama washone kofia, tuzinadi mbele ya wageni kutoka Kilindoni na wale wanaovuka kuja kwetu kupitia Nyamisati. Nilitumwa mimi nizungumze nao. Wanawake watano walikubali. Wanne walikuwa na uzi wa akiba. Bibi hakuwa nao.

"Nitashona mbili, mwanangu," aliniambia, "lakini uzi sina, na fedha ya uzi sina."

"Chukua dukani, Bibi," nikamjibu. "Kamati itarudisha."

Kofia zake mbili zilikuwa ndizo bora kuliko zote siku ile. Ya kwanza ilinunuliwa kwa shilingi 150,000 na ya pili kwa 110,000. Wanunuzi walipigiwa takbira. Majina yao niliyaandika kwa hati nzuri katika daftari la michango, na hadi leo yamo: fulani bin fulani, kofia moja, kiasi kadhaa. Safu ya majina ya walioshona haikuwapo katika daftari, kwa sababu mimi niliyelipigia mistari sikuiweka. Mabati yakanunuliwa, paa likaezekwa, nami nikasahau. Bibi alinipita njiani mara zisizo na idadi, akaniitikia salamu, akaniulizia hali ya watoto. Hakunikumbusha hata mara moja.

Nimesoma chuo cha Kiislamu. Najua, na niliwahi kuwafundisha wengine, kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul-Baqara, haizungumzii swala wala funga, bali inazungumzia kuandikiana madeni. Najua pia kisa cha Mtume (s.a.w.) alipoletewa jeneza la mtu mwenye deni, akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada (r.a.) alipojitolea kulibeba deni hilo. Nimekisimulia kisa hicho katika darsa zaidi ya mara moja. Siku ya mazishi ya Bibi nilikuwa na nafasi ya kusema maneno ya Abu Qatada, tena kwa deni ambalo lilikuwa langu kweli, lakini niliona macho ya watu, nikanyamaza, nikamwachia kijana mvuvi ayaseme kwa niaba yangu.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwao kabla adhana ya magharibi haijasikika. Nilipiga hodi, wakanikaribisha, wakaniwekea kiti. Nilikataa kiti, nikakaa kwenye mkeka. Nikawaeleza.

Kijana alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Sisi tulijua, katibu. Fedha ya mwenye duka nimekwisha mpelekea."

"Mlijua, na hamkuniambia?"

Dada yake mdogo ndiye aliyejibu. "Mama alitukataza. Alisema msikiti haudaiwi mlangoni kama mtu."

Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule. Bibi hakujua kuandika. Alikuwa akimwambia bintiye, naye anaandika. Katika ukurasa mmoja niliona mwezi na mwaka, vidonge vya uzi vilivyochukuliwa, bei ya kila kimoja, na chini yake maneno matatu: uzi wa msikiti. Mama asiyejua herufi alikuwa ameitekeleza aya ile. Mimi mwenye shahada ukutani sikuwa nimeitekeleza.

Nilimrudishia kijana shilingi 14,000 pale pale kutoka mfukoni mwangu, kwa kuwa kosa la kutoandika lilikuwa langu na si la kamati. Lakini nilipotoka nje nilijua kwamba suala halijaisha. Uzi tumelipa. Je, mikono?

Kikao kilichofuata nililiweka jambo hili mezani. Mzee mmoja tunayemheshimu alipinga, na hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Alisema kwamba Bibi alishona kwa ajili ya Allah, na kwamba kumlipa sasa ni sawa na kumnyang'anya thawabu yake. Wengine walitikisa vichwa kukubaliana naye. Nikawauliza kama kuna yeyote aliyewahi kumuuliza Bibi iwapo anatoa sadaka au anafanya kazi. Hakuna. Hata mimi niliyekwenda kwake sikumuuliza; nilimwambia tu kwamba msikiti unahitaji kofia. Mwanamke mjane, aliyeinamia ukili na sindano ili aishi, anapoambiwa na katibu kwamba nyumba ya Allah inahitaji kazi yake, atasema nini? Wanazuoni wetu wametahadharisha kuhusu mali inayopatikana kwa kumtia mtu haya, kwa sababu haya si ridhaa. Sadaka ni ile ambayo mtu angeweza kuizuia, naye akaitoa.

Akainuka mzee mwingine, ambaye kwa kawaida hasemi sana vikaoni. Akauliza: "Mnajua mji wa Kisimani ulizama kwa nini?"

Kila mtoto wa huku anakijua kisa hicho. Inasimuliwa kwamba sultani wa Kisimani alimpata fundi hodari, akamjengea jumba lisilo na mfano. Kazi ilipokwisha, sultani aliamuru fundi akatwe mkono wa kulia, asije akamjengea mwingine jumba kama lile. Haukupita muda, bahari ikapanda na kuumeza mji, na watu wakasema hayo ndiyo malipo ya ule mkono.

Masimulizi si historia, nami sitaki msomaji achanganye mambo haya mawili. Kihistoria tunajua kwamba hapa palikuwa na mji wa Waislamu uliokuwa na uhusiano wa karibu na Kilwa. Neville Chittick aliuchimba, na ripoti yake ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1961. Tunajua pia kwamba bahari imeendelea kuila pwani hii taratibu, ikachukua kuta na visima. Mtaalamu atasema ni mmomonyoko, naye atakuwa amesema kweli. Lakini wazee waliotuachia kisa kile walikuwa na lao la kutufundisha, na mzee wetu alilisema kwa maneno machache: "Mkono wa fundi hukatwa kwa namna nyingi. Kumtumia na kutomlipa ni namna mojawapo. Kumtumia na kutomtaja ni nyingine."

Kikao kikapitisha. Tulikadiria ujira wa kofia mbili kwa bei ambayo wachuuzi wa kofia walikuwa wakimlipa Bibi mwenyewe, na fedha hizo zikapelekwa kwa warithi wake, kwa kuwa haki ya marehemu huingia katika mirathi kama mali yake nyingine. Warithi walikaa, wakazungumza. Walichukua nusu wakagawana kwa mafungu ya sheria. Nusu ya pili waliileta wenyewe msikitini baada ya swala ya Ijumaa, iwe sadaka inayoendelea kwa ajili ya mama yao. Kwa hesabu ya nje unaweza kusema kwamba fedha zilitoka na kurudi. Lakini safari hii walizishika kwanza mikononi mwao, na wangeweza kuzizuia.

Kisha nilikwenda kwa wale wanawake wanne waliobaki, mmoja mmoja, nikawauliza swali ambalo nilipaswa kuwauliza miaka mitatu kabla. Wawili walisema kwamba walikusudia sadaka tangu mwanzo na hawataki kitu. Wa tatu alichukua ujira wake akashukuru, na akanunua miwani, kwa sababu kazi ya viua imemdhoofisha macho. Wa nne alicheka, akasema yeye anataka jina la marehemu mumewe lisomwe katika dua. Majibu manne hayo yalinionyesha jinsi tulivyokosea kuwajibia kwa jibu moja tu.

Jambo hili si la Mafia peke yake. Nimesoma kuhusu wanawake wa jamii ya Wamaya huko Guatemala, Amerika ya Kati, ambao hufuma na kudarizi blauzi ziitwazo huipil, na nakshi ya blauzi humwambia mwenye kujua kwamba mvaaji ametoka kijiji gani. Mwaka 2016 wafumaji hao walipeleka shauri mbele ya Mahakama ya Katiba ya nchi yao, wakidai kwamba nakshi walizorithi kwa mama zao zitambuliwe na kulindwa kuwa mali ya jamii zao, kwa kuwa wengine wanazinakili na kujipatia faida. Dini yao si yetu na nchi yao ni mbali, lakini malalamiko yao ningeweza kuyasikia kwenye baraza lolote la kijiji chetu.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi kwamba kofia ya mashine ni dhambi. Watoto wa madrasa yetu wengi huvaa kofia za dukani za shilingi elfu chache, zinafuliwa, zinachanika, zinanunuliwa nyingine, na hakuna ubaya. Mzazi asiye na uwezo asilazimishwe kununua kazi ya miezi miwili. Ninachosema ni kwamba anayetaka kazi ya mkono alipe bei ya mkono. Mara ngapi tumemwona mtu akimpunguzia mjane shilingi elfu tano kwenye kofia, kisha anakwenda hotelini anaacha chenji mezani? Na mara ngapi, majumbani mwetu, mume huvaa kofia iliyomchukua mkewe usiku wa Ramadhani nzima, asiseme hata neno la shukrani, kwa hoja kwamba mke ni wake?

Ndugu zangu mnaoongoza misikiti, madrasa na vikundi vya maulid, ninawaomba mfungue madaftari yenu. Tazameni nani alipika pilau ya hafla, nani alisuka mikeka, nani alishona mapazia na kofia za wanafunzi. Kama aliambiwa atarudishiwa kitu, arudishiwe leo angali hai. Kama hakuulizwa iwapo anatoa au anafanya kazi, aulizwe. Katika daftari letu jipya nimepiga mstari wa ziada, na juu yake nimeandika: waliofanya kazi kwa mikono yao. Jina la kwanza katika safu hiyo ni la Bibi, ingawa limechelewa.

Tangazo la mbele ya jeneza bado ni kazi yangu. Hata hivyo, sasa kabla ya kulitoa huwa ninajiuliza mwenyewe kwanza, kimya kimya, kama mimi au kamati yangu tunadaiwa na huyu aliyelala mbele yetu. Mwezi uliopita jibu lilikuwa ndiyo: nauli ya kubeba saruji, shilingi 6,000. Nililisema kwa sauti, mbele ya safu zote.

Allah (s.w.) amrehemu Bibi, aifanye kila sindano aliyoichoma kuwa nuru katika kaburi lake, na atusamehe sisi tuliosimama chini ya paa lake bila kumtaja. Amin.